Fort Des Moines: Kambi Iliyoombwa na Rejimenti Iliyokataliwa

Mwanzoni mwa 1917 Joel Spingarn, mwenyekiti wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliwaandikia barua ya wazi vijana wasomi Weusi wa Marekani akiwaomba jambo lililowachefua wengi wao: wajiandikishe kwa ajili ya kambi ya mafunzo ya uofisa ambayo ingekuwa ya Weusi peke yao. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, ila kila mtu alijua kilichokuwa njiani. Jenerali Leonard Wood alikuwa tayari anaendesha kambi za kiangazi kule Plattsburg, jimbo la New York, ambako wanasheria, wafanyabiashara na wahitimu wa vyuo walipikwa kuwa maofisa wa akiba. Wote wazungu. Spingarn alipomuuliza, na Weusi je, Wood akamjibu: niletee majina ya kutosha ya watu wenye elimu, nitawafungulia ya kwao.

Ya kwao. Pembeni. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Magazeti mengi ya Weusi yaliwaka moto. NAACP iliundwa 1909 kupigana na ubaguzi, leo mwenyekiti wake, tena mzungu, anakwenda kuomba kutengwa kwa mkono wake mwenyewe? W. E. B. Du Bois, ambaye sisi tunamfahamu zaidi kama mzee wa Umajumui wa Afrika aliyekuja kufia Accra 1963, alisimama upande wa Spingarn. Hoja yake ilikuwa kavu na haikumfurahisha mtu: kambi ya kutengwa ni tusi, lakini jeshi kubaki bila maofisa Weusi ni hasara isiyofidika, na serikali haikuweka mezani chaguo la tatu.

Ugomvi huo umenikaa kichwani muda mrefu, na sababu ni ya kijirani tu. Kambi ilipopatikana, iliwekwa Des Moines, mji mkuu wa Iowa, upande wa kusini, huku huku tunakoishi sisi. Barabara kubwa inayopita pale inaitwa Army Post Road mpaka leo. Ukienda kufua nguo kwenye mashine za kulipia upande huu wa mji, unaweza kusikia Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura, cha Nairobi na cha Mbagala kwa mkupuo mmoja. Watu wanatoka zamu za usiku kwenye nyumba za wazee na viwanda vya nyama, wanapita mbele ya yale majengo ya matofali mekundu, wanakwenda kulala. Sehemu ya ardhi iliyokuwa ya jeshi sasa ni bustani ya wanyama ya Blank Park, na watoto wetu wanaijua vizuri. Wanakwenda kutazama twiga na simba pale, jambo ambalo mama yangu nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka akakohoa.

Kituo chenyewe kilifunguliwa 1903 kwa ajili ya askari wa farasi. Ndiyo maana kina uwanja mkubwa wa paredi na mazizi marefu, na mazizi hayo tutayarudia. Kikosi cha 25 cha miguu, cha askari Weusi, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupelekwa pale. Katika miaka ya 1930, mtangazaji kijana wa redio WHO ya hapa mjini alijiunga na askari wa akiba wa farasi, na huku ndiko mapenzi yake ya farasi yalikokolea. Huyo ni Ronald Reagan. Watu wa Des Moines hupenda kukusimulia la Reagan kwanza, kisha, wakikumbuka, wanakuambia la Weusi.

Basi Spingarn alihitaji majina. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, wakaunda kamati, wakaandika barua kwa vyuo vyote vya Weusi, wakazunguka ofisi za wabunge, na kwa muda mfupi walikusanya majina yapatayo 1,500. Aprili 1917 Marekani ilitangaza vita. Mei wizara ya vita ilikubali. Katikati ya Juni wakaanza kushuka kwenye treni hapa mjini maofisa wanafunzi 1,250: raia 1,000, walimu, mawakili, wafamasia, makarani, wahitimu wa Howard na Tuskegee na hata Harvard, pamoja na masajini na makoplo 250 kutoka rejimenti nne za Weusi za jeshi la kudumu, watu waliokwishakula vumbi la Cuba na Ufilipino. Profesa na sajini mkongwe hanga moja. Aliyepita JKT anajua hiyo inakwendaje: siku ya kwanza digrii inacheka, siku ya pili kwenye kwata sajini ndiye anayecheka.

Kamanda wao alikuwa mzungu, Kanali Charles Ballou. Hapa pana jambo ambalo ukilijua hulisahau. Jeshi lilikuwa na ofisa Mweusi aliyefaa kabisa kuongoza kambi ile, Charles Young, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point wa 1889, Mweusi wa tatu kuhitimu pale, aliyekuwa luteni kanali na aliyepigana Mexico mwaka uliotangulia. Weusi wengi walitaraji atapewa yeye. Lakini kwa mfumo wa vyeo, vita vikubwa vingemfanya jenerali, na jenerali Mweusi angewaamuru wazungu. Luteni mmoja mzungu kutoka Mississippi alikuwa amelalamika kwamba hawezi kupokea amri kutoka kwa Young. Seneta wa jimbo lake akalifikisha lalamiko hilo kwa Rais Woodrow Wilson. Muda si mrefu madaktari wa jeshi wakagundua Young ana shinikizo la damu. Akastaafishwa kwa ugonjwa Julai 1917, wakati vijana aliowatia moyo wakikimbia na bunduki kwenye joto la Iowa.

Jibu lake lilikuwa la kiaskari. Juni 1918 alipanda farasi nyumbani kwake Wilberforce, Ohio, akaenda mpaka Washington, kilomita zipatazo 800, ili wizara ione kama ni mgonjwa. Hawakumrudisha ila siku chache kabla ya vita kwisha. Baadaye walimtuma Liberia kama mwambata wa kijeshi, na akiwa safarini Nigeria, Januari 1922, akafia Lagos. Cheo cha brigedia jenerali kilimfika mwaka 2022, miaka 100 baada ya kuzikwa.

Kambini mafunzo yalikuwa ya askari wa miguu tu: kwata, bunduki, singe, mahandaki, kusoma ramani. Mizinga hapana. Palikuwa na imani iliyokaa vizuri sana katika vichwa vya wakubwa kwamba Mweusi hana hesabu za mizinga. Upande mwingine wa kambi walifundishwa madaktari Weusi, 104 walimaliza. Julai 22 kambi nzima ilipelekwa kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Drake, mbele ya watazamaji wapatao 10,000, wengi wazungu, wakaonyesha kwata kisha wakaimba nyimbo za kiroho za enzi za utumwa. Mji ulifurahi sana. Mimi kila nikisoma habari ya siku ile hukwama kwenye kuimba. Watu wanaandaliwa kuongoza makombania Ufaransa, na mji unaridhika nao pale tu wanapoimba kama babu zao mashambani. Lakini pia najua namna watu wa kwetu tunavyoimba kwenye gwaride, na kwamba askari anayeimba si lazima awe anambembeleza mtu.

Kiangazi kile hakikuwa cha kuimba. Mwanzoni mwa Julai, East St. Louis, wazungu walichoma mitaa ya Weusi na kuua makumi. Agosti 23, Houston, Texas, askari wa kikosi cha 24, cha Weusi, baada ya polisi kuwapiga wenzao, walichukua silaha wakaingia mjini. Watu wapatao 20 walikufa, na baadaye jeshi likawanyonga askari 19. Hukumu hizo jeshi lilizifuta mwaka 2023. Masajini kadhaa waliokuwa Des Moines walikuwa wametoka katika kikosi hichohicho. Sherehe ya kuhitimu iliyotarajiwa Septemba ikasogezwa mwezi mzima, na ndani ya kambi wengi waliamini kwamba hakutakuwa na sherehe kabisa, wataambiwa wafunge mizigo.

Sherehe ilikuja katikati ya Oktoba. Watu 639 walitunukiwa kamisheni: makapteni 106, maluteni 329, maluteni usu 204. Hakuna aliyepewa umeja. Dari la nyumba lilikuwa kapteni, na lilijengwa kabla ya kuta.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kikongo aliyewahi kuvaa magwanda enzi za Mobutu, nilipomsimulia haya hakuuliza habari za idadi wala tarehe. Aliniuliza, "Mama, na wale askari wazungu walikuwa wanawapigia saluti?"

Nikamwambia: wengi hawakupiga. Walivuka barabara, walijifanya hawaoni, au walisema wanasalimia sare, hawamsalimii aliyeivaa. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichokitaraji.

Maofisa wale waliingizwa katika Divisheni ya 92, na Ballou akapandishwa cheo kuwa kamanda wake. Divisheni ya kawaida hufundishwa pamoja, watu wajuane. Hii ilitawanywa katika kambi saba, kutoka Kansas hadi New York, kwa kuogopa kuwaweka Weusi wengi wenye bunduki mahali pamoja. Ilikuja kukutana yote Ufaransa. Mapema 1918, katika mji wa Manhattan, Kansas, sajini mmoja wa divisheni alizuiwa na mwenye ukumbi wa sinema. Sheria ya Kansas ilikuwa upande wa sajini, na Ballou mwenyewe alihakikisha mwenye ukumbi anashitakiwa na kupigwa faini. Kisha akatoa waraka, maarufu kama Waraka Namba 35, akiwaambia askari wake kwamba sajini ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, kwa kufanya jambo ambalo, hata kama ni halali kisheria, linachochea chuki ya rangi. Akamalizia kwa kuwakumbusha kwamba wazungu ndio walioiunda divisheni ile, na wanaweza kuivunja kwa urahisi uleule.

Nimeusoma waraka huo mara nyingi kuliko unavyostahili. Kinachonishangaza ni kwamba Ballou hakuwa mtu mbaya kuliko wenzake. Alikuwa mbaguzi wa wastani, mwenye kufuata sheria, na waraka wake ndio unaoonyesha kambi ya kutengwa inampeleka mtu wapi: unapewa nyota ya begani, kisha unaambiwa usiende nayo sinema.

Septemba 1918, katika mapigano ya Meuse-Argonne kule Ufaransa, rejimenti ya 368 ya divisheni hiyo ilipelekwa mbele bila mikasi ya kutosha ya kukatia seng'enge wala msaada wa maana wa mizinga. Mstari ukavunjika. Maofisa Weusi wakabebeshwa lawama. Watano walishitakiwa kwa woga, wanne wakahukumiwa kifo, hukumu ambazo baadaye zilitenguliwa. Vikosi vingine vya divisheni vilifanya vizuri, na vikosi vya wazungu vilivunjika mistari kwenye vita hivyohivyo, lakini ni 368 iliyoingia vitabuni. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi kilitoa utafiti ulioeleza kwa lugha ya kisayansi kwamba Mweusi hafai kuongoza. Kambi ya Des Moines haikurudiwa.

Ukiishia hapo utasema waliompinga Spingarn walikuwa sahihi. Mimi siishii hapo, kwa sababu ya kilichotokea kwa watu wenyewe walipovua magwanda.

Luteni mmoja wa darasa lile aliitwa Charles Hamilton Houston, kijana wa Washington, mhitimu wa Amherst. Alitaka mizinga. Akaachana na cheo chake cha luteni wa miguu, akaanza upya kozi ya mizinga kambi nyingine ili kuonyesha kwamba hesabu hazina rangi, akatoka luteni usu. Jeshini aliona askari Weusi wakifungwa kwa kesi zisizosimama. Ufaransa, mji wa Vannes, usiku mmoja yeye na wenzake walizingirwa na askari wazungu wa Marekani, wenzao wa jeshi moja, waliotaka kuwaua. Aliapa kwamba akitoka hai atasoma sheria, na hatakutwa tena hajui haki zake.

Alitoka hai. Akaenda Harvard, akarudi Howard na kuigeuza shule yake ya sheria kuwa kiwanda cha mawakili wa haki za raia. Mwanafunzi wake maarufu, aliyehitimu 1933, ni Thurgood Marshall. Kesi zilizovunja utengano mashuleni mwaka 1954 zilipangwa na Houston, aliyekufa miaka minne kabla ya hukumu. Na kwa sisi watu wa Afrika Mashariki uzi huu haukatiki hapo. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwomba Marshall awe mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, London. Marshall alipita Kenya kwanza, wakoloni wakamzuia kuhutubia mkutano, akaishia kutamka neno moja kwa watu waliokusanyika nje: "Uhuru!" Kisha akaenda London na kuandika rasimu ya haki za msingi, akihangaika hasa na namna ya kuwalinda wachache, wazungu na Wahindi, chini ya serikali ya Waafrika walio wengi. Mwanafunzi wa luteni wa Des Moines anaandika ulinzi wa mzungu wa Kenya. Nikiwaambia Wakenya wa hapa mjini, wanadhani natunga.

Wengine hawakwenda mbali hivyo. James B. Morris na Charles P. Howard, wote wa darasa la 1917, walibaki Iowa wakawa mawakili. Morris alilinunua gazeti la Weusi la hapa, Iowa Bystander, akaliendesha kwa miaka mingi. Mwaka 1925, chama cha mawakili cha Marekani kikiwa hakiwataki Weusi, wao na wenzao wachache, akiwemo wakili mwanamke Gertrude Rush, walianzisha chama chao cha taifa hapahapa Des Moines. Cha kwao. Pembeni. Ndiyo, tena.

Sasa mazizi.

Mei 1942 Roosevelt alisaini sheria ya kuunda jeshi saidizi la wanawake, WAAC, iliyopigiwa debe na mbunge Edith Nourse Rogers. Farasi walikuwa wamepitwa na wakati, na kituo cha Des Moines kilikuwa na nafasi. Mafundi wakaingia kuyageuza mazizi kuwa mabweni. Njia iliyopita katikati wanawake waliiita Stable Row, na waliosimulia baadaye walisema siku za mvua harufu ilikukumbusha nani alilala pale kabla yako. Julai 20, 1942, darasa la kwanza la uofisa likaripoti: wanawake 440, karibu 40 wakiwa Weusi, waliotafutwa kwa msaada wa Mary McLeod Bethune, mwalimu mkongwe na rafiki wa mke wa rais. Waandishi wa habari walijaa kuliko nzige. Walitaka kujua rangi ya chupi za jeshi na kama lipstiki itaruhusiwa. Mkurugenzi wao, Oveta Culp Hobby, aliwaambia wanawake wale kwamba wana deni kwa demokrasia na miadi na majaaliwa.

Miongoni mwao alikuwa Charity Adams, mwalimu wa hesabu wa miaka 23 kutoka Columbia, South Carolina, mtoto wa mchungaji, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Wilberforce. Walikuja kundi moja, weupe kwa weusi, wakisafiri na kula pamoja njiani. Walipofika kambini, ofisa mmoja akatokea na kusema wasichana wote wa rangi wasogee upande huu. Kisha wazungu wakaitwa kwa majina, mmoja mmoja. Ndivyo jeshi lilivyowakaribisha: hawa majina, hawa rangi. Mesi walikuta meza yenye kibao, nao wakagoma kula mpaka kibao kikaondoka. Bwawa la kuogelea waliruhusiwa saa moja kwa wiki, Ijumaa jioni, kisha maji yakasafishwa. Bendi ya kambi haikuwataka, wakaunda ya kwao, nayo ikawa nzuri mno. Mwaka 1944 jeshi likaivunja, barua za malalamiko zikamiminika, ikarudishwa.

Adams alitunukiwa kamisheni Agosti 29, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata katika jeshi lile. Hawakumpeleka kokote. Alibaki Des Moines zaidi ya miaka miwili akifundisha makruta, akapanda mpaka meja. Na pole pole mambo yakalegea: kabla ya mwaka 1942 kwisha, maofisa wanafunzi Weusi walikuwa wanalala, wanakula na kusoma pamoja na wazungu, kwa sababu ya kelele za Bethune na wenzake, na kwa sababu kuendesha madarasa mawili ya watu wachache ilikuwa hasara. Usidharau hasara. Imevunja ukuta mwingi ambao mahubiri yalishindwa.

Siku moja alialikwa kwenye klabu ya maofisa. Baadaye kanali mmoja mzungu, mtu wa South Carolina kama yeye, akamsimamisha mguu sawa na kumfokea kwa muda mrefu: asidhani nyota za begani zimembadilisha, kwao watu wa aina yake hawakai na wazungu. Adams alisimama, akasikiliza mpaka mwisho. Jeshini ndivyo; afande akisema, unasikiliza.

Kisha likaja pendekezo. Wakubwa walitaka kuunda rejimenti ya mafunzo ya Weusi watupu, na kamanda awe Meja Adams. Tazama ofa hiyo kwa macho ya 1917. Ni kila kitu ambacho Spingarn na wanafunzi wa Howard walikimbizana nacho ofisi kwa ofisi, tena zaidi: Charles Young mwenyewe hakupewa. Amri kamili, rejimenti nzima, mwanamke Mweusi wa miaka ishirini na kitu. Adams akakataa. Alisema hatakuwa kamanda wa kikosi kilichoundwa kwa ajili ya kutenga watu. Mpango ukafa.

Wapo wanaopenda kumtumia Adams kumsuta Du Bois, na mimi siwaungi mkono. Vijana wa 1917 hawakuwa na cha kukataa. Kukataa kunataka uwe umeshika kitu, na Adams alikuwa ameshika kamisheni. Alikuwa pia na Bethune nyuma yake, na mawakili wa shule ya Houston mahakamani, na magazeti ambayo wakubwa wa jeshi waliyasoma kwa tahadhari. Miaka 27 ilikuwa imepita, na sehemu kubwa ya kazi ya miaka hiyo ilifanywa na watu waliomeza tusi la kwanza.

Lakini pia simpunguzii. Nimefanya kazi chini ya wakubwa, nawajua watu wanaopewa cheo cha kusimamia wenzao wa rangi yao, na najua cheo hicho kinavyong'aa mwezi wa kwanza. Kukikataa na kubaki kambini, kesho yake unampigia saluti yuleyule aliyekupa, si jambo la watu wengi.

Sehemu iliyobaki ya habari yake wengi wameipata kwenye filamu ya juzijuzi, kwa hiyo nitapita haraka. Februari 1945 alifika Birmingham, Uingereza, akiongoza batalioni ya 6888, wanawake 855 wa posta. Walikuta mabanda ya baridi yenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi, magunia ya barua mpaka darini, panya wakila keki zilizooza kwenye vifurushi. Askari waitwao Robert Smith peke yao walikuwa 7,500. Wakatengeneza kadi zipatazo milioni 7, wakafanya zamu tatu usiku na mchana, na kazi waliyopewa miezi sita ikaisha kwa mitatu. Msalaba Mwekundu ukawaandalia hoteli yao London, ya Weusi tu, ya kupumzikia. Adams akawaambia waandalizi kwamba hataki kuona mtu wake analala mle, na batalioni ikamwelewa. Jenerali mmoja alipokuja kukagua, akakasirika kukuta theluthi moja tu kwenye gwaride, wengine wakiwa kazini au wamelala baada ya zamu, akasema atamleta luteni mzungu amfundishe namna ya kuendesha kikosi. Adams alimjibu: labda nife kwanza, afande. Jenerali akatishia mahakama ya kijeshi; Adams naye akaandaa mashitaka dhidi yake, kwa kanuni ya makao makuu iliyokataza maneno ya kuchochea utengano. Ikaishia hapo, na baadaye jenerali alimwambia kwamba anamheshimu.

Sajini wa Kansas angefurahi kuisikia hiyo. Alikuwa na sheria upande wake, akaandikiwa waraka. Adams alikuwa na kanuni upande wake, akaitumia.

Truman alisaini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini Julai 1948. Adams alikuwa ameshaondoka, akiwa luteni kanali, alifariki 2002. Aprili 2023 kambi ya Fort Lee kule Virginia, iliyobeba kwa miongo mingi jina la Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya watumwa, iliitwa Fort Gregg-Adams, kwa heshima yake na ya Luteni Jenerali Arthur Gregg. Mwaka 2025 serikali ya Trump ikairudisha kuwa Fort Lee, kwa maelezo kwamba huyu ni Lee mwingine: Fitz Lee, askari Mweusi wa kikosi cha 10 cha farasi, aliyepata nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa kuokoa majeruhi Cuba mwaka 1898. Fitz Lee anastahili kambi, tena kubwa. Wangeweza kumpa nyingine.